Simu ya bure ya Marekani: mbona siitumi?

Haya wapendwa, habari za huko? Nimo ndani ya gari nje ya ghala ninalofanyia kazi hapa Columbus, Ohio, dakika thelathini za mapumziko, kioo kimeganda barafu, kwa hiyo mtanivumilia. Leo najibu swali moja. Wiki hii nimeulizwa na shangazi, na mpwa wangu, na jirani wa shangazi ambaye hata sijawahi kumwona: "Huko si wanagawa iPhone bure? Tutupie na sisi moja."

Tangazo lipo kweli, na neno bure limeandikwa kubwa kuliko jina la kampuni. Sikiliza sasa inavyokwenda. Tuseme simu ni dola 720. Unaandikiwa deni la miezi 36, dola 20 kila mwezi, halafu kila mwezi kampuni inakufutia hizo hizo 20. Ukihama baada ya miezi kumi wanaacha kufuta, na dola 520 zilizobaki ni zako. Mara nyingi wanakutaka pia uwe kwenye kifurushi cha bei ya juu. Na mara nyingi muda wote huo simu imefungwa, inatambua laini yao tu. Nikiichomeka kwenye begi la mtu anayekuja Dar, ukaweka laini ya Voda au Airtel, itakukodolea macho.

Wakenya hapa mnanielewa upesi, mna Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom, simu ya kulipia kidogo kidogo. Ila ile usipolipa inajifunga simu nzima. Hii ya huku unaweza kulipa kila mwezi bila kukosa na bado ikawa imefungwa kwa kampuni moja mpaka deni liishe. Kwetu mtu ananunua simu Kariakoo, anatia laini mbili, bando la huku likipanda bei anahamia la kule. Huku simu na mtandao vilifungishwa ndoa zamani.

Wakati iPhone ya kwanza inatoka, Juni 2007, Marekani nzima ilikuwa inapatikana AT&T peke yao, na mkataba wa miaka miwili juu. Kampuni nyingine, Verizon, walikuja kuipata Februari 2011. Hebu fikiria simu inayotafutwa mjini kote iuzwe na mtandao mmoja tu zaidi ya miaka mitatu! Kijana wa miaka 17 kule New Jersey, George Hotz, hakusubiri. Agosti ile ile ya 2007 aliifungua, akachomelea ndani kwa mkono kama fundi simu wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, akaitumia kwa mtandao mwingine. Simu moja aliyoifungua akaibadilisha kwa gari, Nissan 350Z, na iPhone nyingine tatu juu. Mimi kwa hiyo stori huwa nasimama kumpigia makofi. Baadaye, mwanzoni mwa 2013, kufungua simu bila idhini ya kampuni kukawa kosa kisheria. Watu wakapiga kelele, na Agosti 2014 Obama akatia saini sheria ya kuruhusu tena.

Sasa aibu yangu. Mwaka wa kwanza huku, nilinunua iPhone ya mkononi kwa jamaa mmoja kwenye maegesho ya supamaketi, bei ya kutupa. Nikampa mjomba akaileta kwa mdogo wangu. Laini ikakataa. Fundi akamwekea kile kichip chembamba kinachokaa chini ya laini, ikashika, dogo akapiga picha na kila mtu. Akaja akasasisha programu. Kwisha habari, hadi leo anaitumia kama kioo.

Kwa hiyo ukiuziwa simu ya Marekani, fungua Settings, General, About, shuka mpaka Carrier Lock. Isome "No SIM restrictions". Ikisema kingine, rudisha pesa mfukoni. Na usiridhike na maandishi, tia laini yako upige hapo hapo mbele ya muuzaji.

Pale pale tazama namba ya modeli. Ikiishia na LL/A ni ya soko la Marekani, na za huku kuanzia iPhone 14 hazina tundu la laini kabisa. Ni eSIM tu, yaani laini iliyomo ndani ya simu yenyewe. Inatumika nyumbani, mitandao yetu inayo, lakini huenda ikabidi uende dukani kwao na kitambulisho na alama za vidole wakuhamishie. Bibi yangu aliyezoea kuchomoa laini na kuitia kwenye kitochi moto ukikatika, hiyo simu ni adhabu kwake. Na msidhani ukiagiza Muscat au Dubai umepona, maana iPhone 17 za Ghuba nazo zimetoka bila tundu.

Ndiyo maana mzigo wa mwezi huu sijanunua ya kampuni. Hii hapa, mnaiona? Samsung ya kawaida, isiyofungwa, nimelipa taslimu, ina tundu la laini. Ni ya mama mdogo. Jirani wa shangazi, nakuomba radhi, begi la mjomba limeshafika kilo 23 na bado hajaweka viatu vyake.