Ganda la magnum: pima bega, usiutegemee mkanda

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Mmeuliza sana kwenye maoni kwa nini wawindaji wa huku Marekani wanajijazia risasi wenyewe, na kwa nini maganda ya magnum, yaani ya risasi zenye nguvu kubwa, yanakatika baada ya kujazwa mara tatu tu. Leo tunashughulika na ganda, yaani kopo la shaba linalobeba baruti na kichwa cha risasi; baruti yenyewe tutaigusa kidogo tu. Na kabla sijaendelea: huku mtu anaruhusiwa kujijazia risasi za matumizi yake. Tanzania na Kenya kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, kwa hiyo wewe uliyeko nyumbani tazama uelewe, usijaribu.

Hili hapa ni ganda la .300 Winchester Magnum, risasi iliyotoka mwaka 1963. Nalisogeza karibu na kamera. Umeona huu mkanda mnene hapa chini, juu kidogo ya kitako? Ni urithi wa .375 Holland & Holland ya mwaka 1912, ambayo wawindaji wa nyati na tembo kwetu wanaijua vizuri. Bega, yaani pale ganda linapopungua kuelekea shingoni, la .375 limelala mno, haliwezi kulizuia ganda lisizame ndani ya chemba, chumba cha risasi kwenye bunduki, ndiyo maana likavishwa mkanda. Hili la .300 lina bega la digrii 25, linajitosheleza kabisa. Mkanda umebaki tu, na ndio unaowaponza watu.

Ukipiga risasi mpya, pini ya kufyatulia inalisukuma ganda mbele mpaka mkanda ugote. Baruti ikiwaka, kuta nyembamba za ganda zinang'ang'ania chemba, lakini kitako ni kinene, hakishikwi, kinarudi nyuma mpaka kigonge komeo, chuma kinachofunga chemba kwa nyuma. Shaba inavutika pale katikati, juu tu ya mkanda. Mara ya kwanza haina neno. Tatizo ni pale unapolirudisha ganda kwenye dai, kalibu ya chuma ya kulirudishia umbo, na kulisukuma bega hadi lilipokuwa kiwandani: kila ukipiga, linavutika palepale. Isitoshe, ganda lililolegea kwenye chemba halilali katikati ya mtutu, na hapo matundu yanatawanyika kwenye shabaha, wewe unailaumu darubini.

Sasa kazi yenyewe. Chukua maganda matano yaliyopigwa kwa bunduki hiyohiyo, si ya jirani. Toa fataki, kile kiwashio cha kwenye kitako, kwanza, kwa sababu fataki iliyovimba inadanganya kipimo. Weka kifaa cha kupimia bega kwenye kalipa, ile rula ya taya, pima yote matano, andika.

Paka mafuta ya maganda, kidogo, kwa ncha za vidole. Yakizidi yanabonyeza bega na kuacha kishimo. Yakipungua ganda linakwama ndani ya dai, na kulitoa ni shughuli. Dai ianze ikiwa juu, isiguse kishikio kinacholishika ganda kwa chini. Shusha, bana, pima, shusha tena. Usishtuke kipimo kikiongezeka mwanzoni: dai inaminya mwili kwanza, na shaba inapanda juu kabla bega halijaguswa. Wengi wanaishia hapo wakidhani kalipa ni mbovu.

Unachotafuta ni bega kurudi nyuma milimita 0.05 kutoka kipimo ulichoandika, kwa bunduki ya kuwindia hata 0.08. Uzi wa dai una mizunguko 14 kwa inchi, yaani mzunguko mmoja ni milimita 1.8. Milimita 0.05 ni digrii kumi tu za mzunguko. Kwa hiyo ule ushauri wa "ikigusa kishikio ongeza robo" unapita mbali mno. Chora alama ya kalamu kwenye dai, uone unachozungusha.

Kisha toa pini kwenye komeo, ingiza ganda tupu, funga. Komeo lishuke lenyewe, au kwa mguso mdogo sana mwishoni.

Urefu wa ganda pia: mwisho ni milimita 66.55, likifika hapo likate mpaka 66.29. Shingo ikizidi inagota mwisho wa chemba na kukibana kichwa cha risasi, na shinikizo linapaa. Baruti ni ya kitabu cha mtengenezaji, unaanzia kipimo cha chini, hata siku moja usiazime kipimo cha mtu mtandaoni.

Na hiki ni kipande cha waya wa kubania karatasi, nimekipinda ncha. Kiingize ndani ya ganda, kikwaruze ukutani kutoka chini kwenda juu. Hapa juu ya mkanda, kama ncha inadumbukia kwenye mfereji, shaba imeshakonda. Ukilitazama kwa nje utaona pete inayong'aa imelizunguka lote. Ganda hilo lifinye kwa koleo palepale, lisirudi kwenye boksi pamoja na mazima.