Kupiga Kiko Mchanga Hadi Mistari ya Mti Ijitokeze

Karibuni karakana. Hiki mnachokiona mezani ni kiko cha kuvutia tumbaku, cha briar, yaani kimechongwa kutoka kwenye kibonge kinachoota kati ya shina na mizizi ya Erica arborea. Mti huu upo hata kwenye milima yetu, waliopanda Kilimanjaro wameupita njiani, ila vibonge vya viko hutoka nchi za Mediterania.

Kwanza chomoa mdomo wa kiko, uweke mbali kabisa. Ziba tundu la tumbaku kwa kizibo cha mpira kinachobana, na tundu la shina kwa kijiti. Pale shina linapokutana na mdomo, bandika tepu nene, tabaka mbili. Hapo msiharakishe: ukingo huo ukilika hata kidogo, mdomo haukai sawa tena.

Sasa mchanga. Tunauita mchanga kwa mazoea tu; msithubutu kuchota wa mtoni au wa ufukweni. Vumbi lake lina silika, na silika inaua mapafu. Mimi natumia shanga ndogo sana za kioo, ndani ya kabati lililofungwa, barakoa ya vumbi usoni.

Washa kompresa irushe shanga kwa hewa, anza na shinikizo la psi 60, ongeza taratibu. Tazameni: mbao laini inaliwa, ngumu inabaki imesimama. Alfred Dunhill, mtengeneza viko wa London, aliombea hataza ya kazi hii Uingereza mwaka 1917, na viko vyake vya aina hii, vinavyoitwa Shell, bado vinatafutwa.

Nozeli isitulie mahali pamoja. Pitisha, zungusha kiko, rudi tena, kila mara futa vumbi utazame. Ubavu ambao miduara ya ukuaji imejipanga utatoa matuta marefu. Upande wenye vijicho, yaani vidoa vya ncha za nyuzi za mti, utatoa vinundu tu. Uachwe hivyo hivyo. Ukiulazimisha ufanane na mwenzake utakonda, na kiko chembamba huunguza mkono. Kwangu mimi, matuta mafupi yaliyo wazi yanapendeza kuliko mashimo.

Ukiridhika, sugua kwa brashi, paka rangi nyeusi ya spiriti, iache ikauke. Pitisha msasa laini juu ya matuta tu, kisha paka nyekundu: mabonde yanabaki meusi, migongo inang'aa. Nta kidogo mno, kwa brashi, maana ikijaa mabondeni umefukia kazi yako yote.

Toa vizibo, rudisha mdomo. Ndani ya tundu la tumbaku msipake rangi wala nta.