Laxton: Mashamba Yaliyookolewa na Ugomvi

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie kijiji cha Uingereza tangu zama za kati, nami nimechagua Laxton, mkoani Nottinghamshire. Kanisa nitaliruka, na ngome yake leo ni kilima cha udongo tu. Kilichonivuta ni mashamba.

Kijiji hiki kimo katika kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, orodha ya ardhi ya Uingereza iliyoandikwa kwa amri ya mfalme. Enzi zile za umwinyi, vijiji vingi vya Uingereza ya kati vililima mashamba makubwa mawili au matatu yasiyo na ua, kila kaya ikiwa na ngwe zake huku na kule. Mwaka huu ngano, mwaka ujao shayiri au maharagwe, wa tatu ardhi inalazwa na mifugo inaingia. Ngwe zikitawanywa hivyo, hakuna anayehodhi udongo mnono peke yake. Ramani ya Laxton aliyoichora mpima ardhi Mark Pierce mwaka 1635 inaonyesha ngwe moja moja, pamoja na vipicha vya watu wakilima na kuvuna.

Kisha, hasa kuanzia katikati ya karne ya 18, Bunge likapitisha maelfu ya sheria za kuzungushia mashamba ua. Wenye nguvu wakaunganisha ardhi. Wanyonge wengi wakaishia vibarua. Laxton ikaponaje? Wapo wanaosifu wanakijiji kwa kuenzi mila. Mimi naona sifa hiyo imezidi. Ardhi ilikuwa ya wakubwa wawili, Manvers na Savile, na hawakuelewana jinsi ya kugawana. Tumezoea kusema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi; hapa nyasi zilipona!

Mashamba matatu bado yapo, na baraza la kijiji linaloyasimamia bado linakaa. Kila mwisho wa Novemba wazee wa baraza hukagua shamba lililopandwa ngano: wanapima, wanapigilia vigingi, wanatazama nani kapitisha plau hadi kwenye majani ya njia ya wote. Wakitoka hapo ni baa, chakula cha mchana. Siku chache baadaye baraza linakaa na mkosaji anapigwa faini ya pauni chache.

Na mwenye ardhi? Mwaka 1952 milki ya Manvers, iitwayo Thoresby, iliiuzia serikali ardhi hiyo, mwaka 1981 ardhi ikaenda kwa Milki ya Taji, shirika linalosimamia mali ya ufalme wa Uingereza, na mwaka 2020 Thoresby ikainunua tena.