Jinsi ya kukompaili Python mwenyewe kwenye Ubuntu (na pale watu wengi wanapokwama)

Mambo vipi wakuu, karibuni tena. Leo tunakompaili Python, ile lugha ya kuandikia programu, wenyewe, yani siyo ile ya kupiga apt install halafu basi, hapana, tunachukua msimbo wake ulioandikwa kwa lugha ya C tunaugeuza kuwa programu hapa hapa kwenye laptopu. Mnisamehe kelele za bodaboda, niko Sinza na dirisha liko wazi, nikilifunga na joto hili la Dar laptopu itazima kabla hatujafika popote.

Kwa nini ujisumbue? Mi ninayo Ubuntu 22.04, inakuja na Python 3.10, na kazi niliyopewa inataka 3.12. Ile 3.10 siigusi kabisa, kuna vitu kibao vya mfumo vinaitegemea, ukiichokonoa utakuja kulia. Kwa hiyo tunaiweka 3.12 kwenye folda yake pembeni.

Haya, kabla ya kitu chochote fungua terminali uandike hivi, usiruke:

sudo apt update
sudo apt install build-essential pkg-config libssl-dev zlib1g-dev libffi-dev libsqlite3-dev libbz2-dev liblzma-dev libreadline-dev libncurses-dev tk-dev uuid-dev

Weka paswedi, piga enta, subiri. Hiyo build-essential ndo inakuletea gcc, yani kompaila ya C, na make inayoendesha ujenzi wenyewe. Python hii tunayoitumia wengi jina lake kamili ni CPython, imeandikwa kwa C, sasa bila kompaila ya C utaambiwa "no acceptable C compiler found" na safari imeishia kituoni.

Ila hapo kwenye hizo zenye mkia wa -dev ndo nataka tukae kidogo, maana hapo ndo watu wanaangukia. Mtu ananiambia kaka mbona libssl, ile maktaba ya mawasiliano salama ya intaneti, ninayo tayari? Ndiyo unayo, lakini ni kama mgahawa wa mama ntilie, chakula kipo jikoni ila kompaila ni mgeni, haingii jikoni, inataka isomewe kilichopo. Hizo -dev ndo zinaleta yale mafaili ya heda yanayoiambia kuna nini ndani. Yasipokuwepo Python haigomi, hilo ndo tatizo lenyewe, inajijenga tu kimya kimya bila hicho kipande.

Mimi yalinikuta. Mara ya kwanza sikuweka libssl-dev, nikakompaili, nikaona imemaliza, nikafurahi. Naenda kuinstoli kitu na pip, ile ya kushushia vifurushi vya Python, inaniambia moduli ya SSL haipo. Maana yake pip haiwezi kwenda intaneti kushusha chochote! Nikarudia yote usiku, katikati luku ikaisha na laptopu yangu betri lake ni la mapambo. Kwa hiyo weka kwanza, kompaili baadaye.

Sasa tushushe msimbo. Wengine watakwambia tumia git, ile inayonakili msimbo pamoja na historia yake yote, sawa, ila git clone nzima ya CPython ni mamia ya megabaiti, na bando tunalijua wenyewe. Chukua faili lililofungwa, ni kama megabaiti 20 tu:

wget https://www.python.org/ftp/python/3.12.7/Python-3.12.7.tar.xz
tar xf Python-3.12.7.tar.xz
cd Python-3.12.7

Halafu:

./configure --prefix=$HOME/python312

Utaona mistari inakimbia, checking, checking, yes, no, usiogope hizo no, nyingine ni kawaida. Hapo inakagua kompyuta yako ina nini. Hiyo prefix ndo folda ya pembeni niliyosema, iko nyumbani kwako kwa hiyo hata sudo hutaihitaji. Kuna watu wanaongeza --enable-optimizations, inafanya Python iwe na kasi zaidi ila kukompaili kunachukua muda mrefu sana, mi kwenye kilaptopu hiki siiweki.

Ikimaliza:

make -j4

Hiyo 4 ni kazi ngapi zifanyike kwa pamoja. Andika nproc ujue prosesa yako ina core ngapi, na kama mashine ni dhaifu weka 2. Feni italia, muache alie, nenda kanunue mihogo hapo nje urudi.

Umerudi? Usikimbilie kuinstoli, angalia mistari ya mwisho pale. Ukiona "The necessary bits to build these optional modules were not found" na chini yake majina kama _ssl, _ctypes au _sqlite3, ujue kuna -dev umeisahau. _ctypes ni libffi-dev, _sqlite3 ni libsqlite3-dev, nyingine jina linajieleza. Iweke, halafu make clean, halafu rudia ./configure (na --prefix yake ile ile) na make. Usiruke configure hapo, ndo inayokwenda kukagua upya.

Pako safi? Malizia:

make altinstall

Nasema altinstall, siyo install. Hapa kwenye folda yetu hata install isingeleta madhara, ila ujizoeze, maana siku ukifanya bila prefix na sudo juu, install ya kawaida itaweka python3 mpya inayoifunika ile ya mfumo. altinstall inaweka yenye jina python3.12 tu.

Tujaribu:

~/python312/bin/python3.12 -c "import ssl, sqlite3, ctypes"

Enta... kimya, hajasema kitu, hiyo ndo tunayoitaka. Folda ya msimbo sasa unaweza kuifuta upate nafasi, ila lile faili la tar.xz liweke kwenye flashi, kuna mshkaji atakuja kuliomba.