Sele kapaisha, ming'oko imemwagika

ZUHURA: Jamani wasikilizaji, ile video ya penalti ya Sele msinitumie tena. Nimeiona. Wateja wangu wote wameiona, na aliyekuja kuchukua gauni juzi kaondoka bila gauni kwa kucheka.

SELE: Dada Zuhura, tulikubaliana tuanze na mada.

ZUHURA: Mada si ndiyo hiyo? Jumapili, mpira wa ndondo, ule wa mtaani, Mikindani. Penalti. Nani alikupa upige?

SELE: Nilijitwalia. Nahodha alikuwa anafunga kiatu.

ZUHURA: Haya, simulia mwenyewe.

SELE: Nikaweka mpira. Nikarudi nyuma hatua nane...

ZUHURA: Nane! Penalti, mtu anarudi nyuma kama anayemkwepa mdai.

SELE: Mchanga ukaumeza mguu wa kuegemea. Mpira ukapaa. Ukapita juu ya mtambaa panya, ukapita juu ya watoto, ukaenda kutua katikati ya beseni la ming'oko, vile viazi vya porini. Iliyochemshwa. Na pilipili yake pembeni.

ZUHURA: Na mwenye beseni?

SELE: Mama mmoja amekaa kigodani, utulivu kabisa. Nikakimbia, "Mama shikamoo." Akaniangalia. "Shikamoo ndiyo itakayoosha mchanga kwenye ming'oko yangu?"

ZUHURA: [anacheka, anakohoa]

SELE: Sasa ungekuwa mchezo wa raga, lile lilikuwa bao. Kule mpira unatakiwa upite juu ya mtambaa panya, katikati ya nguzo mbili. Teke la adhabu likipita hivyo ni pointi 3. Mimi Jumapili ni shujaa wa raga niliyepotea uwanja.

ZUHURA: Hapo ndipo anaingia huyo Mwingereza wako.

SELE: Jonny Wilkinson. Namba 10, mpigaji mateke wa timu ya raga ya Uingereza. Mechi 91 za taifa lake, pointi 1,179. Nyingi ni za mguu: mpira umesimamishwa chini, kaukazia macho, mikono kaifumbata mbele, magoti kayakunja...

ZUHURA: Kama mtu anayesubiri kupewa kikombe cha uji.

SELE: Ndivyo. Uwanja mzima kimya. Sasa sikia hii, sikukwambia makusudi. Yeye na kocha wake wa mateke, Dave Alred, walikuwa na mama mmoja wa kufikirika. Anaitwa Doris. Amekaa jukwaani nyuma ya goli, ana kopo la soda mkononi. Wilkinson hapigi "katikati ya nguzo". Anapiga lile kopo la Doris.

ZUHURA: Subiri. Subiri kwanza. Kwa hiyo yule mama wa Mikindani...

SELE: Usiseme.

ZUHURA: Bi Doris! Bi Doris wa Mikindani! Wa kwao wa kufikirika, wa kwako ana beseni!

SELE: Na wa kwangu nimempata. Wilkinson hajawahi kumwagia Doris soda hata tone.

ZUHURA: Bi Doris amelipwa?

SELE: Tutafika huko.

ZUHURA: Hatufiki, tuko hapohapo. Fungu ngapi zilimwagika?

SELE: Sikuhesabu.

ZUHURA: Ming'oko mtu kaenda porini kuchimba, kachemsha, kabeba kichwani, wewe hukuhesabu! Hebu turudi kwa mwenzako kabla sijakasirika.

SELE: 22 Novemba 2003, Sydney, fainali ya Kombe la Dunia. Uingereza na Australia, 17 kwa 17, muda wa nyongeza, imebaki chini ya nusu dakika. Wilkinson anapewa mpira mkononi. Unaudondosha, ukigusa ardhi tu unaupiga, nao una pointi 3. Yeye ni wa kushoto. Akapiga kwa kulia. Ukapita. 20 kwa 17.

ZUHURA: Bahati.

SELE: Bahati vipi? Mtu anabaki uwanjani saa nzima na zaidi wenzake wameshaoga, anapiga peke yake, kushoto na kulia! Mguu wa kulia ulitoka mazoezini.

ZUHURA: Mechi hiyohiyo aliudondosha mara ngapi kabla ya hapo akakosa?

SELE: ...Mara tatu.

ZUHURA: Na mazoezi yalikuwa wapi?

SELE: Yalikuwa yanaisubiri ya nne.

ZUHURA: Sele, mdogo wangu, baada ya hapo akaumia bega, akaumia goti, mpaka figo. Hakuichezea Uingereza tena hadi 2007. Na mwenyewe ametamka hadharani kwamba wasiwasi ulimtafuna, sonona ikamshika. Kombe mkononi, raha hana. Mimi hapo siuoni ushindi. Naona mtu aliyejichapa mwenyewe.

SELE: Lakini akaenda klabu ya Toulon, Ufaransa, 2009. Kombe la Ulaya 2013, tena 2014, na mwaka huohuo ubingwa wa Ufaransa, ndipo akastaafu. Aliyejichapa tu asingefika huko.

ZUHURA: Angefika akiwa analala usingizi.

SELE: Huwezi kumtoa Wilkinson wasiwasi ukabaki na Wilkinson.

ZUHURA: Naweza. Kazi nzuri si lazima ikuchune ngozi.

SELE: Wewe juzi umefumua zipu ya suruali ileile mara tatu. Nilikuwa nimekaa hapo.

ZUHURA: Nimefumua kwa sababu mteja analipa.

SELE: Alishasema iko sawa.

ZUHURA: Haikuwa sawa.

SELE: Haya.

ZUHURA: Usiseme "haya" kwa sauti hiyo. Zipu haijanikosesha usingizi.

SELE: Uliniandikia saa nane usiku.

ZUHURA: Kuhusu kipindi!

SELE: Kuhusu uzi.

[Kimya. Nje pikipiki inapita.]

ZUHURA: Sibadilishi maneno yangu.

SELE: Na mimi yangu yako palepale.

ZUHURA: Simu ya kurekodia ina chaji asilimia sita. Yale mafunzo manne uliyoyaandika?

SELE: Nayasoma haraka. La kwanza: mpigaji huchagua alama ndogo kuliko goli, kwa sababu...

[Simu nyingine inaita.]

ZUHURA: Nani?

SELE: Bi Doris.

ZUHURA: Pokea! Weka sauti.

SELE: Shikamoo mama... Ndiyo, nimetuma asubuhi... Ndiyo, elfu kumi kamili... Eeh?... Aah.

ZUHURA: Anasemaje?

SELE: Sikuweka ya kutolea.