Radi ya Ness: kujipiga ili urudi

NEEMA: Karibuni wote, karibuni kwa kipindi yetu. Tuko hapa Bukavu, mvua ilianza asubuhi na bado, mukisikia mabati inalia nyuma muvumilie tu. Mi ni Neema, niko na mudogo wangu Bahati.

BAHATI: Aksanti yaya. Jambo sana kwenu wote. Leo tuko na neno moja tu, na wiki nzima nimemusumbua yaya tuiongelee: juu-B, yaani kusukuma kijiti juu na kubonyeza B, ya Ness, moja ya wapiganaji mu muchezo ya video Super Smash Bros. Ultimate. PK Thunder. Ile radi.

NEEMA: Kwa wenye hawajachezaka Smash, niseme haraka. Ni muchezo ya kupigana lakini hakuna mustari ya maisha yenye inapungua. Ukipigwa asilimia inapanda, na vile inapanda njo vile unarushwa mbali zaidi, unakufa ukitoka inje ya mipaka. Ju ya hiyo kila mutu amepewa namna yake ya kurudi jukwaani akisharushwa. Batu banaita rikavari.

BAHATI: Na wengi njia yao ni ya moja kwa moja. Mario anapanda na ngumi, imeisha. Ness hapana. Ness anatoa boli ya radi, inatembea hewani, na wewe njo unaiongoza na kijiti cha manete, ile kitu ya kuchezea yenye unashika mukononi, unaigeuza geuza mpaka ikuje imugonge yeye mwenyewe, halafu hapo anafyatuka kama jiwe ya manati. Yaani anajipiga ili arudi. Toka siku ya kwanza niliona ile kitu nikasema huyu mutoto njo wangu.

NEEMA: Tuieleze vizuri, ju hapo njo batu banapotelea. Upande wenye radi iko inaenda wakati inakugusa, njo upande utarushwa. Unataka kuenda kuume? Radi itoke kushoto kwako. Uko chini ya jukwaa unataka kupanda? Lazima uizungushe ipite chini ya miguu yako, ikugonge kutoka chini. Na wakati huo wote kijiti haiko tena ya mwili wako, iko ya radi. Ness mwenyewe ananing'inia pale, anazama polepole, hawezi kupiga, hawezi kujikinga.

BAHATI: Hawezi kitu. Na wenye wanamujua wanangoja palepale. Kaka yangu mukubwa anacheza na Villager, mupiganaji mwingine. Villager iko na mufuko, anaweza kuweka silaha ya adui ndani akaibeba. Sasa mi niko inje, nimetoa radi, iko inazunguka vizuri kabisa, naona inakuja, na yeye anaruka kutoka jukwaani, anafungua mufuko, radi inaingia. Ness anabaki mikono mitupu, anashuka mpaka chini. Alinifanyia hivyo mara tatu mu mechi moja, tuko wane kwa banchi moja, wote wanapiga kelele, na mi naangalia ile sehemu ya hewa mwenye radi yangu ilikuwa. Iliniuma sana yaya.

NEEMA: Na haihitaji ata mufuko. Mutu yeyote akiweka mwili wake mu njia ya ile boli inaishia kwake. Anaumia kidogo, wewe unakufa. Ukikutana na Ness mwingine, huyo anafungua PSI Magnet, pigo yake ya kumeza silaha kama radi, anameza radi yako na asilimia yake inashuka, unamuponya na kifo yako.

BAHATI: Njo maana batu banasema ni rikavari mbaya. Mi sikubali.

NEEMA: Mi pia sikubali, na nitakuambia kwa nini. Nikiangalia wenye wanaanguka, karibu kila mara kosa haikufanyika kwa radi, ilifanyika mbele ya kutoa radi. Umerushwa, roho imepanda kwa koo, kitu ya kwanza unafanya ni kuruka muruko wako wa pili, palepale, bila kufikiri. Umeshautupa. Na muruko wa pili wa Ness ni mutamu, unapanda polepole, ni murefu, unakuachia nafasi ya kuenda mbele au kubaki nyuma. Ukiutupa, unabakia na radi peke yake na adui anajua saa gani utaitoa na wapi. Ukiuchunga, yeye njo anabahatisha.

BAHATI: Na duara, yaya, duara iwe ndogo.

NEEMA: Ndogo kabisa. Duara kubwa ni karamu, unamukaribisha mutu akule.

BAHATI: Mi nilijifunza kwa kidole. Nilienda mu sehemu ya mazoezi, mi na Ness tu, na kidole gumba inazungusha kijiti vile unakoroga sukari mu kikombe cha chai kidogo, bila kugonga ukingo wa kikombe. Ukikoroga kwa nguvu radi inaenda mbali. Ukikoroga kwa ulegevu haifungi duara, inapita pembeni ya kichwa na unakufa. Kidole iliota ngozi ngumu. Lakini sasa naweza kuifunga bila kuangalia radi, naangalia adui.

NEEMA: Hapo njo umefika. Na usisahau, Ness akishafyatuka mwili wake wote ni pigo, na ni moja ya mapigo makali zaidi iko nayo. Mwenye anakuja kukula radi akichelewa kidogo, akasimama katikati, anapigwa yeye, na anaweza kufa ata asilimia yake haijapanda sana. Kwa hiyo kumufuata Ness inje ni hatari kwa wote wawili.

BAHATI: Kuna Lucas, mupiganaji mwingine wa radi kama hii, mwenye aliingia mu Brawl, Smash ya 2008: radi yake inapita ndani ya adui, haiishii kwake. Na iko na kamba ya kujishikilia. Ni salama zaidi, sikatai. Lakini haina ile kitu.

NEEMA: Sasa niseme yenye napenda kuliko yote. Ness anatoka mu muchezo Mother 2, ilitoka Japani 1994, inje wanaiita EarthBound. Na mule ndani Ness hana PK Thunder! Hajifunzi ata siku moja. Iko ya Paula, musichana mwenye anasafiri naye. Na PSI Magnet pia, Ness hana. Kwa Paula radi inaangukia adui yeyote, hauchagui, na inaweza kukosa. Halafu Smash ya kwanza ikatoka, 1999, na Ness akaingia na radi ya rafiki yake kama njia ya kurudi. Kila mara anaanguka, anaita kitu ya Paula. Nikiwaza hivyo siwezi kuichukia ile radi.

BAHATI: Yaya, hiyo umenigusa. Basi nimalize na ya juzi. Kaka na Villager yake, mi niko inje, chini, mbali. Akaruka, anakuja na mufuko. Mi sikutoa kitu. Nikangoja. Akafungua mufuko, hewa tupu. Hapo nikatumia muruko wa pili, nikatoa radi, nikakoroga kidogo tu, ikanipiga mugongoni, nikapita palepale mwenye alikuwa, na yeye njo alitoka kwa televizio.

NEEMA: Alisema nini?

BAHATI: Hakusema. Aliweka manete kwa magoti, akapanguza vidole kwa suruali, akaichukua tena, akaniambia: «Anzisha ingine.»