Jinsi ya kupima mwendo wa nyota za 47 Tucanae, kizazi kwa kizazi

Mambo vipi wadau, leo tunaingia ndani ya 47 Tucanae, lile donge la nyota ambalo ukiwa Dar mwezi wa 11 mida ya saa tatu usiku unaliona chini kule kusini kama kinyota chenye ukungu, liko kama miaka ya nuru 15,000 hivi. Nyota zake ni za vizazi viwili, tunataka kuona kama zinakwenda tofauti.

Fungua tovuti ya data za Gaia, ile setelaiti ya Ulaya iliyorushwa 2013, chagua DR3 (toleo lake la tatu la data), andika 47 Tuc, duara weka digrii 0.5. Daunlodi ra na dec (mahali nyota ilipo angani), pmra na pmdec (mwendo wake kwa pande hizo mbili), ruwe (namba inayoonyesha kipimo cha nyota kama ni kizuri, ikiwa kubwa ni kibaya) na ung'avu. Fili ni kubwa, kama bando lako la mawazo ngoja usiku.

Sasa kwenye TOPCAT, programu ya kuchora majedwali ya nyota, ni ya bure, chora pmra kwa pmdec. Unaona madoa mawili? La kwenye 5.25 na -2.55 ndo letu, lile lingine karibu na 0.7 na -1.2 ni Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo, liko nyuma mbali huko, achana nalo. Zungushia letu na mausi, ulisevu kama kundi, alafu tupa zenye ruwe inayozidi 1.4 na zile za katikati kabisa, zimebanana mno Gaia ilizichanganya.

Hapa ndo nilipoteza wikiendi nzima. Ukichora ra kwa dec donge linatoka limevutwa pembeni mara tatu, nikadhani nimegundua kitu kumbe sijazidisha tofauti ya ra kwa cos ya dec, huku ni 0.308! Ila pmra yenyewe usiiguse, imeshazidishwa tayari.

Kutenganisha vizazi, rangi za Gaia hazitoshi. Kizazi cha pili kina naitrojeni nyingi na inameza mwanga wa urujuanimno, kwaiyo tafuta katalogi yenye U, B na I (ung'avu wa nyota kupitia vichujio vya urujuanimno, bluu na karibu na infraredi), iunganishe na yako kwa kulinganisha mahali nyota ilipo, chora (U-B)-(B-I) kwa ung'avu. Tawi la majitu mekundu, yaani mstari wa nyota kubwa nyekundu zilizozeeka, linapasuka mawili, la upande wa namba kubwa ndo kizazi cha pili.

Mwisho, kwa kila nyota toa ule wastani wa 5.25 na -2.55, kinachobaki kigawe pande mbili: mwendo wa kwenda na kurudi katikati, na mwendo wa kukatiza. Pima mtawanyiko wa kila upande, pete kwa pete kutoka katikati, usisahau kuondoa makosa ya vipimo. Kizazi cha kwanza pande zote zinakaribiana, cha pili ukifika pete za nje kukatiza kunapungua, kwenda na kurudi kunazidi, ndo mwanaastronomia Milone na wenzake walichokipata 2018, pengine kwa sababu nyota za kizazi hicho zilianza zimejazana katikati zikasambaa nje kwa njia ndefu ndefu. Kuzunguka kwa donge zima lakini vizazi vyote vinafanana, kwaiyo usishangae hapo usipoona tofauti.